Mshono Kwenye Bendera Nyekundu

Naapa kwa macho yangu mawili, na asiyetosheka nayo nitamwongezea meno yaliyobaki: humu hamna hata neno moja la kubuni. Sikusimuliwa na mtu aliyesimuliwa na mtu. Jumapili ile ilikwenda hivi hivi nitakavyoiweka, na yale ambayo sikuyaona alinisomea Bi Daftari kwenye daftari lake, naye yu hai, mwulizeni.

Bi Daftari ni mpelelezi wa manispaa, kitengo cha sheria ndogo. Zile sheria ambazo kila mtu huziona ndogo mpaka zimng'ate. Huwasaka wanaomwaga takataka kwenye mitaro, wanaojenga juu ya njia za watu, wanaofungulia mbwa penye watoto. Jina alipewa na watu kwa sababu huandika kila kitu. Ukipiga chafya mbele yake, ataandika saa.

Saa mbili asubuhi alikuwa amesimama ndani ya ofisi ya ufuo wa umma, chumba kimoja chenye dirisha lililoganda chumvi na feni iliyogoma, akimsikiliza msimamizi wa ufuo akijieleza kwa jasho. Mezani palikuwa na bendera nyekundu iliyovuliwa kwenye mti wake, kitabu cha zamu, na barua iliyokwisha kuchapwa. Barua ilikuwa inasubiri saini tu.

Mkasa wenyewe ulikuwa wa jana yake, Jumamosi. Kasoro dakika kumi kufika saa sita mchana, mwalimu mmoja wa hesabu aliyekuja kupumzika aliingia majini upande wa kusini, pale ambapo mkondo humvuta mtu kwenda ndani kama amefungwa kamba kiunoni. Pale hapaogelewi siku yoyote ya mwaka, ndiyo maana husimikwa bendera nyekundu tangu asubuhi hadi jioni. Mwokoaji wa zamu alimtoa, lakini mwalimu alikwisha kunywa maji ya kumtosha mwezi. Sasa alikuwa hospitalini, hatari imepita, na alikuwa na neno moja ambalo halibadilishi: hakukuwa na bendera. Msimamizi alipofika kusini, saa saba kasoro robo, aliikuta imesimama. Kwa hiyo hesabu yake ilikuwa fupi. Mwokoaji alisahau kuisimika asubuhi, na baada ya kumtoa mtu akakimbia kuichomeka ili ajikoshe.

Barua ile ilikuwa ya kukiri. Mwokoaji akisaini, angesimamishwa kazi miezi mitatu. Asiposaini, jalada lingepelekwa manispaa saa kumi jioni hiyo hiyo, na leseni yake ya uokoaji ingefutwa moja kwa moja, asishike tena filimbi maisha yake yote.

Mwokoaji mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, mabega mapana, mkono wa kulia umechorwa na kucha za mwalimu kuanzia kiwiko hadi kiganja. Alikuwa hajalala, lakini shingo aliikaza.

"Miezi mitatu si mingi, dada yangu," msimamizi alimbembeleza.

"Hata siku tatu. Niliisimika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa mikono hii. Nikisaini kwamba nilisahau, basi yule mwalimu nilimtosa mimi. Sisaini, bosi. Nifukuzeni nikiwa sijasema uongo."

Msimamizi akamgeukia Bi Daftari na kumwomba amsaidie kumshauri mwenzake, kwa kuwa kesi yenyewe ilikuwa nyeupe.

"Kesi nyeupe haihitaji barua ya kukiri," Bi Daftari alisema. "Nina hadi saa kumi. Hiyo kalamu ifunike, isije ikakauka."

Akaikunjua bendera, akaipima kwa shubiri, akaandika: *kitambaa kizima, pindo safi, mchanga kidogo, doa hamna.* Akafungua kitabu cha zamu kwenye ukurasa wa Jumamosi. Mwandiko wa mwokoaji ulikuwa wa haraka lakini wa kusomeka. Saa kumi na mbili na nusu, bendera tatu zimesimikwa, kijani mbili kaskazini, nyekundu moja kusini. Saa nne, ukaguzi wa kusini, bendera ipo. Saa tano ilikuwa na maneno mawili tu: *Sikwenda. Damu.*

Bi Daftari aliuliza hiyo damu ni ya nani. Mwokoaji akaeleza kwamba kuna mgeni aliyeingia na kreti ya soda za chupa, ingawa ubao wa getini unakataza chupa kwa herufi kubwa kuliko jina la ufuo wenyewe. Chupa ikavunjika, mgeni akaizika mchangani ili asionekane mchafu, na mgeni mwingine akaikanyaga. Alimfunga mguu kwa zaidi ya nusu saa. Waokoaji walikuwa wawili zamani. Wa pili alipunguzwa mwaka jana. Na kutoka kwenye mnara, kusini hakuonekani siku hizi, kwa kuwa kibanda cha vinywaji kimejengwa katikati.

"Nani alitoa kibali cha kibanda?"

Msimamizi akaanza kutafuta ndani ya droo kitu ambacho hakikuwemo.

Bi Daftari akapiga simu hospitalini. Mwalimu alikuwa na sauti iliyokwaruza, lakini akili zake timamu. Alisema maneno ambayo Bi Daftari aliyaandika kama yalivyo: "Mimi nafundisha watoto kuhesabu, dada. Niliangalia kabla sijavua viatu. Kijani mbili. Nyekundu, sifuri."

Kwa hiyo wanawake wawili walikuwa wanasema mambo yanayopingana, na Bi Daftari akawaamini wote wawili. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Alishuka ufuoni pamoja na mwokoaji. Saa tatu watu walikwisha kufurika, kila mmoja na namna yake ya kutojua kusoma. Chini kabisa ya ubao unaosema mbwa wafungwe kulikuwa kumefungwa mbwa mmoja, na watatu wakimzunguka wakiwa huru. Jamaa mmoja alikuwa anaosha gari kwa maji ya bomba la kuogea, mlango wazi, redio juu, na Bi Daftari alipomtazama aliongeza sauti.

Chini ya banda la bati wastaafu walikuwa wamekwisha kukusanyika kwenye meza yao ya drafti. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja mtanashati, fundi cherehani mstaafu, mtu wa heshima zake, sauti tamu, nywele bado nyingi kwa umri wake. Huyo alimwamkua mpelelezi kwa kuinua kofia na kujitolea ushahidi kabla hajaombwa. Alisimulia kwamba jana wimbi lilipanda kimo cha nyumba ya ghorofa mbili, kwamba yeye mwenyewe alikwisha kuvua shati ili ajitose, na kwamba samaki mkubwa kama mlango alipita akamwangalia mtu wa majini kwa huruma. Wenzake walicheka hadi kete zikaanguka. Bi Daftari aliandika: *mzee, chuku.* Akapita.

Kusini palikuwa pamezungushiwa kamba tangu jana. Juu kidogo ya alama ya maji kujaa walikuta mashimo mawili, yameachana hatua nne.

Mwokoaji alieleza namna wanavyofundishwa. Shimo la bendera huchimbwa kwa mkono hadi kiwiko kizame, humwagiwa ndoo ya maji ya bahari, mti hukitwa, kisha mchanga wenye maji hushindiliwa kwa kisigino. Ukikauka hushika kama saruji. Shimo la kwanza lilikuwa hivyo. Bi Daftari alitia mkono, ukazama hadi kiwiko, na kuta zake zilikuwa ngumu. Shimo la pili, lile ambamo msimamizi aliikuta bendera, halikufika hata shubiri. Lilikuwa limekazwa kwa vijiwe vilivyookotwa ovyo. Mtu aliyelichimba lile hakuwahi kufundishwa na mtu yeyote.

Alimpigia msimamizi. Msimamizi hakutikisika hata kidogo. Alisema mwokoaji aliyetoka kumvuta mtu majini, mikono ikitetemeka, angechimba shimo la namna gani kama si hilo? Na lile la kwanza ni la Ijumaa.

Jibu lilikuwa na akili, Bi Daftari akalikubali kwa kulichukia. Alihitaji jicho lisilo na upande.

Jicho alilipata shingoni mwa mpiga picha wa ufuoni, kijana mwenye maringo anayewapiga wageni wakirukaruka na kuwauzia picha hapo hapo. Kamera yake huandika saa pembeni. Alisita kidogo, akisema picha za watu ni siri za watu, ila alipoona daftari linafunguliwa ili jina lake la utani liandikwe, siri zikaisha. Walipitia picha mia mbili na kitu. Mbili ndizo zilizokuwa na maana. Ya saa nne na dakika ishirini: wachumba wawili hewani, miguu juu, na nyuma yao kusini bendera nyekundu imesimama. Ya saa sita kasoro robo: familia moja imekumbatiana, nyuma yao kusini pale pale, hakuna bendera. Hakuna hata mti wake. Lakini pembeni mwa picha, chini mchangani, karibu na moshi, kulikuwa na kitambaa chekundu kimetandazwa.

Bi Daftari alizilipia picha zote mbili, akazitia mkobani. Alifuata moshi.

Moshi wenyewe haukuwa mbali, kwa kuwa mwenye moshi alikuwa amerudi Jumapili kuendelea. Alikuwa baba wa watu, kifua wazi, ameegesha jiko la mkaa chini ya kibao kisemacho *Moto Marufuku* na kukitumia kibao hicho kutundikia taulo. Aliambiwa azime. Akakataa bila hata kusimama.

"Ufuo ni wa umma, dada," alisema, akigeuza kuku. "Na umma ndio mimi."

"Na mguu utakaokanyaga makaa unayoyafukia kila jioni nao ni wa umma," Bi Daftari alijibu huku akiandika.

"Unaandika nini?"

"Saa."

Mke wake, ambaye inaonekana alikuwa anaisubiri siku hiyo kwa hamu, alichukua ndoo mwenyewe na kumwaga jiko zima. Kisha akaleta kitambaa chekundu kabla hajaombwa. Kilikuwa kitambaa chao cha meza, cha pamba, kina maua kwa chini, na tundu la cheche katikati. Si bendera. Bi Daftari alikigeuza mara mbili, akakirudisha, akakata mstari kwenye daftari.

Hata hivyo hakuondoka mikono mitupu. Baba mwenye moshi, akiwa amenuna, alisema kwamba wao walifika jana saa tano na nusu na bendera haikuwepo. Ingekuwepo wasingewaleta watoto upande ule, yeye si mwendawazimu. Kwa hiyo iliondoka kati ya saa nne na dakika ishirini na saa tano na nusu. Mwokoaji sehemu kubwa ya muda huo alikuwa kaskazini, mguu wa mtu mapajani mwake, watu ishirini wakitazama.

Bi Daftari alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya ushindi alipoitazama tena picha ya wachumba, ile ya saa nne. Aliisogeza karibu na macho. Chini ya bendera, kwenye kona, kulikuwa na kitu kinaning'inia kama ulimi wa mbwa. Pindo lilikuwa limechanika.

Akarudi nyuma kwenye daftari lake mwenyewe. *Kitambaa kizima, pindo safi.*

Alipanda ofisini kwa hatua ndefu, akafungua kitabu cha zamu ukurasa wa nyuma, wa Ijumaa, ambao asubuhi hakuona haja ya kuusoma. *Bendera ya kusini imechanika pindo, shubiri moja. Msimamizi ameelezwa, mara ya tatu.* Kisha akaikunjua bendera juu ya meza, akapitisha kidole kwenye pindo, akasimama alipopahisi. Ndani, kwa uzi mwekundu uliofanana na kitambaa karibu kabisa, shubiri nzima ilikuwa imeshonwa kwa mkono. Kwa nje huoni kitu.

Msimamizi aliinama akaangalia, na uso wake ukapata nuru.

"Basi ndiyo hiyo. Alilalamika mara tatu, hakupewa mpya, akaing'oa akakaa kuishona, bahari ikabaki uchi. Hili sasa siyo kusahau, mpelelezi. Hili ni kuondoa alama kwa makusudi. Barua nitaichapa upya."

Tazama jinsi mambo yanavyogeuka. Ushahidi uliomtoa mwokoaji shimoni ulikuwa umemtumbukiza kwenye shimo lenye kina zaidi. Ilikuwa saa nane na nusu.

Bi Daftari alitoa sindano na uzi mkobani, kwa kuwa vifungo vya sare havina adabu, akamwomba mwokoaji ashone kipande cha taulo. Alishona. Mshono ulipanda ukashuka, ukapotea, ukarudi, ukaishia kwenye fundo la ukubwa wa mbegu ya chungwa. Mwokoaji mwenyewe aliutazama akasema yeye hushona kama anavyofunga mtumbwi. Msimamizi akasema mtu yeyote anaweza kushona vibaya akiamua.

Kweli, anaweza. Bi Daftari alirudi kwenye bendera na kuutazama mwisho wa ule mshono. Haukuwa na fundo. Uzi ulirudi nyuma mara tatu juu ya njia yake, kisha ukazama ndani ya kitambaa usionekane tena. Akaugusa. Uliteleza kidogo, kama umepakwa nta. Mtu huyu alikuwa amepitisha uzi kwenye kipande cha mshumaa kabla ya kushona.

Alibaki ameinama hivyo, mkono juu ya kitambaa, na macho yake yakatua kwenye ncha ya mkono wa shati la sare yake, karibu kabisa na pindo la bendera. Akaigeuza ndani nje. Uzi ulirudi nyuma mara tatu. Fundo hamna. Akaugusa, ukateleza.

Sare za manispaa zilishonwa na mtu mmoja kwa miaka ishirini na nane, mpaka alipostaafu.

"Barua usiichape," alimwambia msimamizi, akaikunja bendera na kuiweka kwapani.

Ilikuwa saa tisa alipofika kwenye banda la bati. Fundi alikuwa kwenye hadithi nyingine, ya ng'ombe aliyejifunza kuogelea. Bi Daftari hakumwuliza kitu. Aliketi, akawaomba radhi wachezaji, akaitandaza bendera juu ya drafti yao, akaligeuza pindo na kuwaonyesha wazee kwa masikitiko. Alisema manispaa imechoka na vibarua wa mitaani. Alisema aliyeshona hapa ni mtu wa kushona magunia, na kwamba kwa macho yake mshono ule hauvuki Ijumaa, utafumuka wote.

Aliongea kwa upole kabisa, na hakumwangalia mtu.

"Hautafumuka huo," fundi alisema.

"Utafumuka, mzee wangu. Tazama, hata fundo hakufunga."

"Fundo hufunga asiyeuamini mkono wake! Huo ni mshono wa kurudi, mara tatu, uzi wa nta. Kitambaa kitaoza, huo utabaki. Nani kakwambia utafumuka? Nimeshona shati ulilolivaa, binti, limefumuka hilo?"

Kete moja ilibingirika ikaanguka chini, na hakuna aliyeiinamia.

Na hapo ndipo mzee mtanashati alipoliona daftari likiwa wazi, na kalamu ikimalizia neno la mwisho alilotamka. Nasema mtanashati kwa kuwa hakuna mwingine wa kunisemea. Fundi huyo ni mimi.

Sikukubali kushindwa upesi. Nilimwambia nimefanya kazi ambayo manispaa ilipaswa kuona aibu kwa kutoifanya. Pindo lile lilikuwa linapigapiga upepo tangu wiki iliyopita, na mtu aliyeishi na nguo miaka yote hiyo hawezi kulitazama kama watu wengine wanavyolitazama. Lilikuwa linanikera kama jiwe kwenye kiatu. Saa tano kasoro robo niliing'oa, mti na vyote, nikaileta kivulini. Sikuomba shukrani, sikuomba malipo. Nikamwuliza kosa langu ni lipi, kushona?

"Kushona kulichukua muda gani?" aliniuliza.

"Robo saa. Mkono wangu bado mwepesi."

"Mwalimu aliingia majini saa moja na dakika tano baada ya wewe kuing'oa. Hiyo robo ni ya mshono. Iliyobaki ni ya nini, mzee wangu?"

Wenzangu walikuwa wanatazama meza. Wote walijua, kwa sababu wote walikuwepo. Nilikuwa nimemaliza kushona, bendera ipo magotini mwangu, uzi nimekwisha kukata, na mmoja wao akaniuliza habari za siku niliyomshonea mfungwa suti ya kutorokea. Hadithi hiyo ni ndefu. Nikiisimulia vizuri hufika dakika hamsini, na siku hiyo niliisimulia vizuri sana. Tulikuwa tunacheka tuliposikia kelele.

Watu walikimbilia majini. Mimi nilikimbilia mchangani, nikachimba kwa vidole, nikaichomeka, nikaikaza kwa vijiwe, nikarudi kuketi. Nikajiambia ametoka salama, basi yamekwisha. Na ili yaishe kabisa, nikaanza kuwaambia watu habari za wimbi la ghorofa mbili.

Bi Daftari akanieleza habari za barua. Nilikuwa sijui habari hiyo, na hilo ni la kweli, liandikeni popote. Sikujua kwamba kuna mtu amekalishwa karibu na mlango tangu asubuhi anaambiwa asaini kosa langu, na kwamba alikuwa anakataa.

Nilichukua kofia yangu. Nikamwambia twende, ila asinishike mkono, natembea mwenyewe.

Ofisini ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini. Walinipa karatasi nitoe maelezo, na mimi mtu wa kujifundisha mwenyewe kusoma na kuandika nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nilijaza ukurasa na nusu. Bi Daftari aliusoma akiwa amesimama, kisha akauweka mezani, akachukua rula, na akaanza kukata.

Alikata upepo mkali. Alikata maumivu yangu ya mgongo. Alikata sehemu niliyosema kwamba nilipanga kuirudisha mara moja, akaniuliza kama nilipanga, nikasema hapana. Alikata mgeni asiyejulikana aliyenitia moyo. Nilipigania lile wimbi, nikalipunguza hadi ghorofa moja, akalikata vile vile. Kila alipokata aliniangalia, na kila nilipotaka kubisha nilimwona mwokoaji pale mlangoni na ule mkono wake uliochorwa na kucha.

Yalibaki haya, nikayanakili upya kwa mkono wangu na kuyasaini:

*Niliing'oa bendera ya kusini saa tano kasoro robo. Nilikaa nayo zaidi ya saa moja nikipiga hadithi. Niliirudisha baada ya mtu kuzama na sikumwambia yeyote. Mwokoaji hakukosea.*

Sijawahi kuandika kitu kifupi namna ile, wala kilichonichosha namna ile.

Msimamizi alisoma, akakohoa, akaichukua barua yake ya kukiri ili aitie droo. Bi Daftari akamwomba aiache mezani, iambatane na jalada, pamoja na ukurasa wa Ijumaa, na maelezo ya kibanda cha vinywaji, na sababu za kupunguza mwokoaji wa pili. Msimamizi alisema hayo hayahusiani. Aliambiwa ayaandike hivyo hivyo, kwamba hayahusiani, na asaini. Tulimwacha ameshika kalamu.

Nilisimama mbele ya mwokoaji na kofia mkononi. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri njiani, yenye mwanzo na mwisho. Hakuyasubiri.

"Mzee, siku nyingine ukiiona imechanika, iache ichanike. Lakini iwe imesimama."

Akachukua filimbi yake kwenye msumari, akatoka kwenda mnarani, kwa kuwa zamu ilikuwa bado haijaisha.

Sheria ndogo ina kifungu cha mtu anayeondoa alama ya usalama: faini, na siku thelathini za kazi ufuoni. Faini nililipa pale pale, ikala pensheni ya mwezi na kidogo ya mwezi ujao. Kazi yenyewe aliichagua Bi Daftari, na kama ningepewa kuchagua mimi ningeomba kufagia. Nilipangiwa kusimama kusini, kando ya bendera, tangu asubuhi hadi jioni, na kila mgeni atakayekaribia nimwambie kwa nini hapaingiliwi. Masharti: yale yaliyosainiwa tu. Nisiongeze.

Jumatatu saa tatu alikuja bwana mmoja, miwani myeusi kichwani, chupa ya kioo mkononi, mtoto wa miaka mitano begani. Aliitazama bendera, akanitazama mimi, akacheka kidogo, akaniuliza kama ni lazima kweli, maana maji yenyewe yametulia kama ya beseni.

Wimbi la ghorofa mbili lilinijia hadi kwenye meno. Nilimwona mwokoaji mnarani. Walikuwa wamekibomoa kibanda asubuhi ile, na alikuwa ananiona vizuri.

"Juzi mwanamke mmoja alizama hapa ulipokanyaga," nilimwambia. "Bendera hii nilikuwa nimeikalia mimi kule kivulini, nikichekesha watu."

Alisubiri hadithi iliyobaki. Haikuwepo. Alimshusha mtoto begani, akamshika mkono, akaelekea kaskazini bila kuniaga, na chupa akaniachia mkononi.

Zilibaki siku ishirini na tisa.